Majina Kumi na Tisa ya Zongwe

Mwaka 1974 Urbain, fundi wa mabehewa katika reli ya Kalemie, alijulikana mji mzima kwa wazimu wake mmoja: kutafuta medali na vibao vya askari waliokufa katika vita vya Wajerumani. (Majina ya ubatizo kama lake yalikuwa yamepigwa marufuku na serikali, lakini nani angethubutu kumwambia hayo mama yake?) Medali moja aliivua shingoni mwa mbuzi. Watu walimcheka, naye akacheka nao.

Jambo moja tu halikumchekesha. Babu yake, Kyungu, alitoka Ankoro na jeshi la Wabelgiji kwenda kupigana Tabora, asirudi. Watu wa kwao walisema amelowea huko kwa mwanamke, na binti yake, Mama Godelieve, mama yake Urbain, alimeza masimango hayo tangu utotoni. Matanga hayakukaliwa: utamlilia vipi mtu anayekula raha? Urbain alitaka kuliona jina lile limeandikwa mahali.

Ndipo akasikia habari za kibao cha shaba chenye majina ya askari hao, huko Zongwe, kando ya ziwa. Alipanda boti, akamkuta Mama Emérance, muuza samaki, amekilaza juu ya moto wa kukaushia samaki, kimekuwa cheusi tii. Urbain alikisugua kwa mchanga na ndimu, akasoma majina kumi na manane. Mstari wa mwisho ulikuwa umeliwa na moto.

“Mama, umekiharibu,” alisema, karibu alie.

“Nani ameharibu? Baba yangu alikuwa askari pamoja nao. Serikali ilipokitoa mjini, alikileta hapa. Mimi sijue kusoma, lakini alinifundisha kila mutu na nafasi yake. Kila asubuhi ninawaita mbele ya kuweka samaki. Lete kidole.”

Alikishusha kidole cha Urbain mstari kwa mstari, akiita, na kila jina lilikaa pale pale lilipoandikwa. Walipofika kwenye masizi ya mwisho, akasema, “Huyu ni Kyungu wa Ankoro. Alianguka karibu na Tabora. Baba alisema alikuwa anaimba mubaya sana.”

Urbain alicheka huku machozi yakimtoka. Katika ukoo wao hakuna aliyewahi kuimba vizuri.

Kibao hakupewa, Mama Emérance hakutaka hata kusikia. Urbain alirudi Kalemie na jina tu. Mama Godelieve alimsikiliza amesimama, kisha akafunga kitambaa chake upya, akatuma watu waitwe kwenye matanga ya baba yake, baada ya miaka hamsini na minane. Waliokuja walimkuta uani anacheza ngoma.

“Hakutukimbia,” alimwambia kila aliyeingia. “Baba hakutukimbia.”