Nyonga ya Mwalimu Maftah

Maftah alikuwa mwalimu wa madrasa pale Mengo. Mwaka 1973 askari walipokuja kumchukua jirani yake, alishikilia mlango, nao wakamvunja mkono wa kulia kwa kitako cha bunduki. Mfupa ukakataa kuunga.

Daktari Obwona, mtu mpole wa kabila la Waacholi, waliokuwa wakiwindwa na serikali ya kijeshi, alikubali kumpasua.

"Nitachukua kipande cha mfupa wa nyonga nikipandikize mkononi," alimweleza. "Lakini nyonga iliyokatwa hudhoofika. Nitakaa mbali na hii ncha ya mbele, maana misuli ya paja huivuta. Tena nitatumia msumeno. Patasi hupasua hata pasipotakiwa. Yanayobaki ni juu yako, Mwalimu. Tembea na gongo, kwa mkono wa kushoto. Usiruke wala usikimbie mpaka nikuruhusu."

Maftah alitii. Hata kuswali aliswali ameketi.

Jeraha la upasuaji lilikuwa bado bichi alipokutana na kizuizi cha askari karibu na Lubaga, akiwa na mkewe, Hajara. Wanaume walikuwa wakiadhibiwa kwa kurushwa kichura, wamechuchumaa.

"Wewe, tupa hiyo mti. Ruka!"

"Afande, nimetolewa mfupa nyongani. Daktari amekataza."

"Daktari gani anashinda serikali?"

Maftah alidhani jina la mkubwa litamwokoa. "Daktari Obwona."

Askari wakatazamana. "Obwona. Mwacholi hiyo," mmoja akasema, akicheka. "Haya, ruka."

Hajara alipiga magoti kuwasihi, wakamsukumia mtaroni. Maftah akaruka. Aliporuka tena, kitu kikalia nyongani kama ukuni unaovunjwa, akaanguka kifudifudi. Wakamwamuru amalizie kwa kutambaa.

Picha ya eksirei hospitalini ilionyesha ncha ya mbele ya nyonga imebanduka. Obwona mwenyewe ndiye aliyempokea.

"Daktari, nimewatajia jina lako," Maftah akasema. "Kimbia."

Obwona akaendelea kupanga mito chini ya goti la Maftah. "Lala hivi, goti limekunjwa, misuli isivute. Mfupa utashika."

"Daktari!"

"Nimesikia, Mwalimu. Nina wagonjwa wananingoja."

Kesho yake askari walimtoa Obwona chumba cha upasuaji, glavu bado mikononi. Nesi Alanyo alimnong'oneza Maftah habari hiyo akiwa amefunga pazia. Obwona hakuonekana tena.

Mkono uliunga, na nyonga ikashika, ingawa Maftah alibaki akichechemea. Alipoweza kutembea, alikwenda kwa Atim, mke wa daktari, akamweleza yote bila kujitetea. Atim alimsikiliza mpaka mwisho.

"Mwalimu," akasema, "usirudi tena hapa. Sitaki wanangu wakuone."