Mwanaume wa Shoka na Ndoo ya Sato

Mke wangu akiniita "mwanaume wa shoka," najua kuna kazi inakuja, nami hujifunika gazeti usoni nikakoroma. Ndivyo ninavyolilinda kochi langu.

Juzi akaja mama mkwe kutoka Nansio na ndoo ya sato.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba. Kule kisiwani nawaringishia wote: mkwe wangu akiparua samaki, utadhani kazaliwa mtumbwini!"

Sijawahi kuparua samaki yeyote. Nikamtazama mke wangu. Alikuwa anakagua dari. Kumbishia mkwe nani anaweza? Nikachuchumaa uani, magamba hadi kwenye nyusi.

"Si unaona? Fundi!" mama mkwe akanisifia dirishani, akiwa amejilaza kwenye kochi langu.

Nami, bila aibu, nikauliza kama ndoo ni hiyo moja tu.