Chumvi ya Paka

Paka wetu mzee alikuwa jike mwenye sikio lililopasuka, na hasira zake hazikubagua: alimkwaruza hata padri aliyekuja kutubariki. Ndiyo maana shangazi alipofika kwetu Kingi kutoka Itebero, kitoto cha paka kikilia ndani ya kikapu chake, mama hakutabasamu.

Mimi nilikipenda papo hapo. Nilikuwa na miaka tisa, mtoto wa pekee, na nilikuwa nimechoka kuongea na ndama.

Paka mzee alikinusa, akafoka kama mafuta ya moto, akakizaba kofi. Kitoto kilidhani ni mchezo, kikaurukia mkia wake. Kofi la pili. Kwa siku tatu alikula akiwa amekipa mgongo, na kikimkaribia alipanda juu ya magunia ya maharagwe na kununa huko.

"Kama huyu mukubwa hamutaki ule mutoto mpaka siku ya Mungu," mama akaniambia, "shangazi yako atarudia naye. Sitaki vita mu jiko."

Nililia. Baba alijua ng'ombe, na aliamini kila kiumbe kingine ni ng'ombe tu aliyekosa pembe. Kwetu, ng'ombe akikataa ndama asiye wake, ndama hupakwa chumvi. Ng'ombe huonja, hulamba, na akishalamba sana, amekuwa mama.

"Lete chumvi," baba akaniambia.

"Papa, paka haiko ng'ombe," mama akamwambia.

"Ulimi iko ulimi."

Tukakipaka chumvi mpaka masikioni. Paka mzee alionja mara moja, akapiga chafya, akaenda zake. Mama alicheka hadi akakaa chini. Kitoto kikabaki kikijilamba chenyewe mchana kutwa, na chumvi inaleta kiu. Mara tukasikia chubwi! Kilikuwa kimetumbukia kwenye sufuria ya maziwa ya kuuza.

Mama hakucheka tena. Alikishika shingoni, akakiweka nje ya mlango kikichuruzika maziwa. Paka mzee akaja kutazama. Alilamba sikio moja, akalamba la pili. Kitoto kilipotaka kukimbia, alikibana kwa mguu, akakipiga kofi dogo la adabu, akaendelea kukisugua kwa ulimi. Maziwa yalikwisha naye hakuacha. Nilisimama pale nikiogopa hata kupumua kwa furaha.

Jumapili, ile siku ya Mungu, ilipopita, shangazi alirudi Itebero na kikapu kitupu.

"Niliwaambiaka," baba akasema. "Chumvi!"

Kweli, chumvi ndiyo iliyokitia kiu kikaenda kwenye maziwa, na hilo lilimkera mama kuliko maziwa yaliyomwagwa.

Miaka mingi baadaye, siku niliyoolewa, baba alinitilia kifurushi cha chumvi kikapuni mwangu. "Ya mama-mkwe," akaninong'oneza. "Kama anakukatala."

Nilicheka mbele ya wageni wote. Njiani nilifungua kikapu niitazame ile chumvi na kulia vizuri, nikakuta chini yake mama ameweka kibuyu cha maziwa.