Fundi wa mabegi Ruiru ataka mama yake apande treni bila msiba

Saa moja asubuhi mashine ya Mourine Aketch inanyamaza tena. Honi ya treni ya kwenda Nairobi imelia upande wa stesheni ya Ruiru, na yeye amesimama mlangoni, mkasi mkononi, akitazama upande ambao treni yenyewe haionekani hata kidogo.

"Huyu akisikia treni, hatuna fundi," anasema Mbaluka, mkata turubai katika karakana hiyo ya mabegi, mzaliwa wa Ngoliba na mtu asiyeona sababu ya kwenda mbali na kwao. "Mpaka ipotee kabisa ndio arudi kwa kiti. Na siku zingine harudi, anaanza kufagia."

Kweli, anaanza kufagia.

Mourine, mwenye umri wa miaka 39, hushona mabegi ya mgongoni. Mengi ni ya wanafunzi, machache ni ya vijana wanaopanda milima. Hulipwa shilingi themanini kwa kila begi, kwa hiyo anajua fika kwamba kusimama mlangoni kunakula pesa yake mwenyewe. Bado husimama.

Sasa shule zimefunguliwa, kazi imepungua, na ameomba ruhusa. Ijumaa atapanda basi hadi Dar es Salaam, kisha treni ya kuelekea Zambia, ile inayokatiza msituni. Ametenga nauli ya watu wawili. Anachosubiri ni jibu la mama yake.

"Naweza kuenda peke yangu, nilishaenda," anasema huku akipanga upya nyuzi zilizokwisha kupangwa. "Lakini magoti ya mama yanaisha. Mwaka ujao hatapanda ngazi ya treni. Ni sasa ama basi."

Mama huyo, ambaye kila mtu humwita Min Ouma kwa jina la kifungua mimba wake, alikuja kutoka Ugunja kutibiwa magoti. Anakaa kwa Mourine mtaani Kimbo. Kila jioni bintiye humwuliza kama watakwenda, na kila jioni yeye hujibu kwa swali lile lile: tunaenda kwa nani?

Si ukaidi. Kwa familia nyingi zilizotoka magharibi zikaja kutafuta kazi Thika na Ruiru, begi hufungwa kwa mambo mawili, Krismasi na matanga. Ukionekana umebeba mzigo mwezi wa nne, watu hawaulizi unakwenda wapi. Wanauliza ni nani.

Mourine alilijua hilo mwaka jana. Msichana mmoja, Cindy, aliyekuwa amezunguka Tanzania na begi moja tu mgongoni, alileta begi hilo lishonwe mkanda. Lilikuwa na harufu ya moshi na majani mabichi. Akiwa anasubiri, Cindy alisimulia jinsi treni ilivyopita msituni hadi matawi yakawa yanaingia dirishani. Mkanda ukashonwa, Cindy akaenda zake, na fundi akakosa usingizi.

"Nimeshonea watu mabegi tangu nikiwa msichana. Yote yanatoka kwa huo mlango," anasema. "Nikajiuliza, na mimi je?"

Akajishonea begi la vipande vilivyobaki, akamwambia jirani kwamba anasafiri. Hakusema zaidi.

Jioni hiyo kina mama wa jumuiya ya kanisa walifika kwake na sukari, majani ya chai na maandazi. Walianza wimbo wa maombolezo wakiwa bado nje. Kabla hajawafungulia, simu ikalia. Ni kaka yake, Ouma, kutoka Ugunja, akiuliza mwili uko mochari gani.

"Nikawaambia, hakuna mtu amekufa," Mourine anakumbuka, na sasa anacheka. "Wakaacha kuimba. Mmoja akauliza, 'Kwani ni ugonjwa?' Nikasema hapana, naenda kuona msitu. Hapo ndio waliogopa kabisa. Wakaniombea."

Chai ilinywewa hata hivyo. Sukari waliiacha.

Mumewe, Dalmas, kibarua katika kiwanda kimoja Thika, naye alikuwa na wasiwasi wake. "Nilidhani ananitoroka," anakiri. "Lakini nikaona huyu mtu ameshaondoka, ni mwili tu umebaki hapa ukipika. Nikamwambia nenda, urudi mzima."

Ndani ya treni Mourine alikutana na swali lile lile. Mama mmoja wa Ifakara, aliyekaa naye behewa moja, alimwuliza, "Dada, unakwenda kwa nani?" Akajibu haendi kwa mtu. "Basi una shida gani?" Akasema hana shida. Mama yule alicheka hadi akafuta machozi, akampa ndizi zilizopikwa, kisha akampisha dirishani.

Baada ya mbuga, milima ilisogea na msitu ukashuka hadi kwenye reli. Mchana ulififia. Abiria walifunga madirisha kwa sababu ya matawi. Mourine alilifungua lake. Majani yaliyolowa yalimwangukia mapajani. Mbega, wale kima weusi wenye mabega meupe, walikaa juu wakiitazama treni bila haraka.

Kisha treni ikasimama katikati ya msitu kupisha nyingine. Watu walinung'unika. Yeye aliomba isiondoke.

"Hapa nikikaa kwa kiti, miguu inataka kuenda. Nikilala, inataka kuenda. Huko, treni ndio inaenda, mimi nimetulia. Nililia, na sikuwa na uchungu wowote. Sijui kama unaelewa hiyo maneno."

Alifika Mbeya, akageuza. Tangu arudi, anasema, hajatulia tena. Sehemu moja ya safari ile ilimkera kuliko zote: alipokuwa akifurahi, alimfikiria mama yake.

Kabla ya haya matibabu, Min Ouma alikuwa amefika Mombasa mara moja, kumchukua kaka yake aliyefia huko. Nairobi alifika kumchukua mumewe. Njia zote hizo alizipita usiku, amejifunika leso, akiimba. "Mama ameona Kenya nyuma ya jeneza," anasema Mourine, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo mikono yake haifanyi kitu. Jambo hilo linamuuma, na haoni haya kusema hivyo.

Jioni, Kimbo, tunamkuta Min Ouma ameketi nje ya nyumba akichambua mboga. Ni mwembamba, mcheshi, na goti moja amelifunga kitambaa. Mourine hata hajaweka mkoba chini.

"Mama, kesho natakiwa kulipa basi."

"Nyathina, mwanangu, nimekuuliza. Tunaenda kwa nani?"

"Hatuendi kwa mtu. Waswahili wanasema mwenda bure si mkaa bure, huenda akaokota."

"Na mwenye magoti mabaya ataokotaje?" mama anajibu bila kuinua macho. Anamgeukia mwandishi. "Wewe umesoma. Nikifika huko, watu waniulize, nitasema nimefuata nini? Miti? Ugunja iko na miti."

Mourine anazunguka ua. Anaanua nguo ambazo hazijakauka, anazirudisha. Halafu anamsimulia mama yake, pengine kwa mara ya kumi, habari ya yule mama wa Ifakara, ndizi, na kiti cha dirishani. Min Ouma anasikiliza hadi mwisho. Mboga zimesimama mkononi.

"Huyo mama alikupa chakula?"

"Alinipa."

"Na wewe ulimpa nini?"

Mourine anazigeukia tena nguo kwenye kamba. Hakumpa kitu.

"Ulikula kwa watu ukaenda hivyo tu," mama anasema polepole. Hili limemgusa kuliko msitu wote. Ukienda kuchukua maiti hakuna anayekudai zawadi, machozi yako yanatosha. Lakini kwenda kwa watu walio hai mikono mitupu, hilo kwao ni aibu. Analikandakanda goti lake. "Hao watu wa huko, wanakula kuku?"

"Wanakula, mama."

"Basi utafute jogoo wa kuwapelekea kabla ya Ijumaa. Mweupe hapana, anachafuka njiani."

Mourine anaingia ndani upesi, anatoka na utepe wa kupimia. Anampima mama yake mabega kwa ajili ya begi, huku mzee akilalamika kwamba hiyo mikanda itamkata. Anamwahidi mikanda mipana, yenye sponji. Nia yake, anaeleza, ni kumketisha dirishani kutoka Dar es Salaam hadi mwisho wa reli. Kuhusu jogoo ndani ya basi, atajua huko mbele.

"Mama anaenda," ananong'ona, kana kwamba akisema kwa nguvu mzee atageuza nia. "Anaenda, na hakuna mtu amekufa."