Shikamoo Iliyokwama

Mama aliiosha CD kwa jivu. Niliporudi kutoka mjini nilimkuta uani, amepiga magoti mbele ya karai la vyombo, dodoki mkononi, anaisugua kama anavyosugua sufuria za sikukuu. Nilipiga yowe mpaka jirani akachungulia kuuliza kama tumefiwa.

"Kwani si ilikuwa na mafuta?" Mama alisema, huku ameiinua juani aone kama imetakata. "Wageni wameishika kwa mikono ya samaki. Ulitaka niiache hivyohivyo?"

Kushikwa ni kweli ilishikwa. Nyumbani kwetu kitu kilichotoka kwa mtoto aliye mbali hakifichwi kabatini. Kinazungushwa kila mgeni akione. Mchana ule Baba alikuwa na wageni kutoka Buhongwa, wakila sato kwa ugali, na katikati ya chakula akaitoa CD kwenye bahasha. Kila mmoja aliipokea, akajitazama uso wake mle ndani, akasifu, akampa wa pili. Ilipomfikia Mama ilikuwa na vidole vya ukoo mzima. Na mambo ya kung'arisha vyombo yalikuwa ufalme wa Mama. Kwenye sufuria zake ungeweza kuchokonoa meno bila kutafuta kioo.

CD ilitoka kwa kaka yangu, aliyekuwa anasoma India. Ndani ya bahasha kulikuwa na kikaratasi chenye mwandiko wake wa kukimbia: "Hii ni ya Bibi. Kusoma hajui, basi safari hii asikie sauti yangu. Kaeni wote pamoja, muiwashe kwenye kompyuta ya Baba, na msiwe na haraka."

Bibi alikuwa amefariki. Tulikuwa tumemzika kwao, Nansio, tangu mvua za masika, na kaka hakuambiwa.

Uamuzi ulikuwa wa Baba, na marehemu alikuwa mama yake mzazi, kwa hiyo nani angembishia? "Mtoto yuko ugenini peke yake," alisema, "ana mitihani. Tukimwambia, atalia na nani?" Hilo nililielewa. Kwetu habari ya msiba haitupwi kwa mtu kama kifurushi. Anaketishwa, watu wanakaa kushoto na kulia kwake, ndipo anaambiwa. Lakini mitihani ilikwisha, ikaja mingine, na Baba akaendelea kuandika mwishoni mwa kila barua kwamba Bibi anamsalimu. Mara ya kwanza aliponitaka niyaandike maneno hayo niliinuka kwenye kiti. Nilimwambia wazi kwamba mimi salamu za marehemu siandiki. Akachukua kalamu akaandika mwenyewe.

Sasa nilikuwa na shida ya jambo moja tu: kaka anarudi lini? Kama anarudi, alipaswa aambiwe kabla hajapanda ndege akiwa amebeba zawadi ya mtu aliyekwishazikwa. Jibu, kama lilikuwepo, lilikuwa ndani ya ile CD. Na Mama ameisugua kwa jivu.

Kompyuta yenyewe ilitufikia kwa mshtuko wake. Kiwanda cha kuchambua pamba alikokuwa Baba kilipunguza wafanyakazi, na wenzake wakachukua viinua mgongo vyao wakanunua nyavu za sangara, mashine za kusaga, mabasi madogo. Baba akarudi na maboksi makubwa matatu, akasema hii ndiyo biashara huria. Mama alirudi jikoni kusugua sufuria. Tukaiweka sebuleni pale Mkuyuni, tukaifunika kitambaa cha kufuma kama watu wengine wanavyofunika runinga, na mimi nikawa nachapa barua za vijana waliokuwa wakiomba kazi kwenye viwanda vya minofu ya samaki. Kuchapa nilikuweza. Mambo ya sauti sikuwahi kuyagusa. Spika zake mbili tulikuwa tumezigeuza za kuwekea maua ya plastiki juu.

Jioni hiyo niliyaondoa maua, nikaifuta CD kwa khanga laini, nikaitia. Mashine ikanguruma. Programu ya muziki iliyokuja na kompyuta ikafunguka, ikafikiri, kisha ikatoa kijisanduku cha maneno kwamba faili hilo hailitambui. Nikarudia. Ikanijibu vilevile. Nikazima kompyuta nzima, nikaiwasha. Vilevile!

"Ni jivu?" Mama aliuliza akiwa mlangoni.

"Ni jivu," nikamjibu, kwa sauti ya mtu anayefunga kesi.

Alirudi jikoni.

Kesho yake nilimfuata fundi mmoja mjini, mtu wa redio na taipureta aliyejiongezea kompyuta kwenye bango lake la mlangoni. Aliigeuza CD kwenye mwanga, akapiga mluzi. Nikamweleza habari ya dodoki. Akacheka mpaka akashika meza. Kisha akasema kwamba mikwaruzo ipo lakini ni ya juujuu, tatizo ni kwamba kaka ameirekodi sauti kwa mtindo mpya, wa kuibana iwe ndogo, na programu yetu ni ya zamani, kuibanua haijui. Alikuwa nazo programu mbili zinazojua. Moja ilikuwa ya mbwembwe, ina rangi zinazocheza sauti ikitoka. Nyingine ilikuwa kavu, vitufe vitatu na saa ya kuhesabu sekunde.

"Ipi bora?" nilimuuliza.

"Dada, chukua zote. Moja ikigoma, unahamia nyingine."

Akanipa flopi kadhaa, akizipuliza vumbi moja moja.

Nilianza na ile ya mbwembwe. Baba akavuta kiti. Mama akakaa mbali, karibu na mlango, kama mtu aliyeitwa kituoni kuhojiwa. Nikabofya. Rangi zikaruka, spika zikakohoa, na sauti ya kaka ikajaa sebule.

"Shikamoo, Baba."

Jamani! Ilikuwa ni yeye, imekuwa nzito kidogo, lakini ni yeye, kama amesimama nyuma ya pazia. Baba aliduwaa na mikono yake magotini. Mama alijifunika mdomo kwa khanga.

Halafu kimya. Rangi zikalala zikawa mstari mmoja.

Mimi si mtu wa kungoja. Nikazima, nikaanza upya. "Shikamoo, Baba." Kimya. Nikazima. Nikaipangusa tena CD, nikarudia. "Shikamoo, Baba." Kimya. Nikaiingiza programu ile nyingine, kavu, nikijua sasa mambo yatanyooka. "Shikamoo, Baba." Kimya kilekile, mahali palepale, lakini hapa nikaona kitu kilichonitisha zaidi: saa ya sekunde ilikuwa inaendelea kuhesabu. Namba zinatembea, sauti hakuna. Nikazima kabla sijaipiga ngumi.

"Amebaki na salamu tu," Baba alisema taratibu.

Mama alianza kulia. "Nimemfuta mwanangu," alisema. "Nimemfuta kwa mikono yangu mwenyewe."

Na mimi ndivyo nilivyoamini.

Fundi alikuja mwenyewe siku iliyofuata, kwa baiskeli, na bisibisi mfukoni. Alisikiliza ile shikamoo mara moja, akaizima haraka kuliko mimi, akatangaza kwamba si CD wala programu, ni kadi ya sauti inakufa, kwa hiyo atabeba mashine nzima akaiangalie kwake. Jana programu, leo kadi! Nilimwambia kwamba kama ni kubeba abebe baiskeli yake. Baba aliona aibu kwa ulimi wangu. Akamshika fundi mkono, akamsindikiza hadi barabarani, akimwomba radhi njia nzima.

Nilibaki na hasira zangu. Nikajiambia labda ni waya wa spika umelegea. Nikabofya ile programu kavu ianze tena, nikaingia haraka chini ya meza nikiushikilia waya kwa mikono miwili, niusukume sauti itakapokatika. Huko chini kipanya sikukifikia.

"Shikamoo, Baba," kaka alisema juu yangu.

Baba alikuwa ndiyo anaingia, ameinama mlangoni anavua viatu. Baba hajibu salamu bila kukohoa kwanza. Akakohoa, akasema bila kuinua kichwa, "Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, Baba. Na huko nyumbani salama?"

Nilijigonga kisogo kwenye meza. Mama alitoka jikoni na mwiko. Baba alisimama na kiatu kimoja mkononi, anaitazama spika.

"Salama," alisema, kwa sauti ndogo mno.

"Namshukuru Mungu," spika ikajibu.

Nilibaki chini ya meza mdomo wazi. CD ilikuwa nzima. Programu zote mbili zilikuwa nzima, na kadi, na waya. Kaka alikuwa anangoja aitikiwe! Alikuwa amemwamkia baba yake, na kama mtoto yeyote aliyelelewa vizuri akanyamaza mpaka apewe marahaba yake. Alikuwa amempimia Baba nafasi, na kikohozi chake ndani. Na mimi kila mara nilikuwa namkata kabla mzee hajamaliza kukohoa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba!" Mama alipaza sauti, kana kwamba India iko ng'ambo ya barabara. "Marahaba, baba yangu! Hujambo?"

"Sijambo, Mama. Najua unalia. Basi, nyamaza."

Mama alikuwa analia kweli. Akakaa kwenye sakafu, mwiko mapajani, akawa anacheka na kulia kwa pamoja, akiniambia mimi, "Si jivu! Umesikia? Si jivu!"

"Na wewe mkorofi," kaka akaendelea, "huniamkii?"

"Shikamoo, kaka," nilisema kutoka chini ya meza.

"Marahaba. Punguza hasira."

Tulicheka wote watatu. Nilitambaa nikatoka, nimejaa vumbi, nikavuta kiti, na kwa muda huo mfupi kaka yangu alikuwa nyumbani. Tulisahau. Naapa tulisahau kabisa CD ile ilitumwa kwa ajili ya nani.

"Haya," alisema, "sasa mleteni Bibi. Msimharakishe."

Akanyamaza.

Kilikuwa kimya kirefu. Alikuwa amekipima kwa hatua za Bibi, kutoka chumba cha nyuma, na fimbo yake, na ule mguu uliokuwa unamsumbua, na malalamiko yake kwamba kiti kiko chini mno. Wote tuligeuza macho tukatazama ukumbini. Hata mimi nilitazama. Pazia la chumba chake halikutikisika. Saa ya sekunde ilikuwa inahesabu, na mkono wangu ulikuwa juu ya kipanya. Mara zote zile nilikuwa mwepesi wa kuzima. Safari hii kidole kilikataa.

"Shikamoo, Bibi," kaka alisema. Sauti yake ilikuwa tayari na kicheko ndani.

Bibi hakuwahi kumjibu marahaba tupu. Kwake mjukuu huyo alikuwa mume. Angeanza na "Marahaba, mume wangu," halafu aingie kwenye mashtaka: umenitupa, sukari huniletei, umeoa Mhindi huko wala hunitaki tena. Kaka aliyajua hayo yote, na alikuwa amemwachia mke wake uwanja mpana wa kumgombeza.

Mama alinitazama. Nilimtazama Baba.

Baba alikiweka kiatu chini. Akaisogelea meza, akainama mpaka mdomo wake ukawa karibu na spika, kama mtu anayemnong'oneza mtoto sikioni. Akakohoa.

"Bibi yako hayupo, mwanangu," alisema. "Alifariki. Tumemzika Nansio, karibu na babu yako. Sikukwambia kwa sababu uko peke yako huko. Nisamehe."

Alisema polepole, neno kwa neno, na alipomaliza hakunyanyuka. Alikuwa anangoja, sikio lake kwenye spika. Nadhani kwa dakika hiyo aliamini kweli kwamba atajibiwa, kama alivyojibiwa marahaba yake. Na Mungu anisamehe, hata mimi nilisubiri.

Spika ikavuta pumzi. Kisha kaka akacheka, kicheko cha raha, cha mtu aliyegombezwa na mtu anayempenda.

"Nimesikia, mke wangu, nimesikia," alisema. "Mwezi ujao nakuja. Unipokee mlangoni."