Unga Ukiwekwa Huota Ukungu

Iko siku moja ya mvua, mwanangu, ambayo hainitoki kichwani. Nilikuwa nimeketi chini ya bati la duka moja pale Kashebere, mahali vilima vya Masisi vinapokwisha na msitu wa Walikale unapoanza. Malori yalikuwa yamezama katika matope mpaka tumboni, na mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu.

Nakusimulia leo kwa sababu jana ulinipigia simu kutoka Goma. Ulisema, "Papa, nimemaliza," kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. Nilitaka kupiga vigelegele, nikajizuia, maana nilihisi huko kwako kuna kilio. Ukaniuliza, "Sasa nini?" Sikukujibu. Mzee hajibu swali kubwa akiwa amesimama. Usiku nimelilalia, na asubuhi hii nimekaa.

Wakati ule nilikuwa na umri wako. Nilitoka Goma na mwenzangu wa darasa, Faustin, mtoto wa kijiji cha Kirolirwe. Nililala kwao usiku mmoja. Unajua desturi yetu: mtu akifaulu, hujulikana kwa weupe wake. Mama yake Faustin alitungoja na kopo la poda ya watoto. Alimmwagia mwanawe kichwani, shingoni, mpaka ndani ya masikio, ng'ombe wakashtuka wakaruka ua. Faustin hakuwa na kazi, wala ahadi ya kazi. Alikunywa maziwa, akacheka, akacheza na shangazi zake katika majani yenye umande. Poda kidogo iliniangukia na mimi begani. Niliipangusa.

Nilijiambia, Faustin ana haki ya kucheka, kwao kuna ng'ombe. Mimi kwetu ni Itebero, ndani kabisa ya msitu, na nilikuwa wa kwanza wa kijiji kumaliza chuo. Nilipokwenda chuoni, watoto walinikimbilia njiani wakiuliza kama nitarudi na motokari. Nami, kwa ujana, niliwajibu itakuwa nyekundu. Sasa nilikuwa narudi na begi la mgongoni na viatu vinavyokunywa maji.

Basi nilipokata vilima na kufika Kashebere, miguu ilikataa. Nikapanga vizuri kichwani mwangu: nitabaki hapa, nitapakia na kupakua mizigo ya wafanyabiashara, nitaandika barua za kuomba kazi, na siku nikipata cheo ndipo nitaingia kwetu nikiwa mtu. Wahenga wanasema subira huvuta heri. Sikukumbuka kwamba wahenga hao hao wanasema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Ndipo nikamwona Mjomba Kibira akitoka msituni.

Alikuwa ndugu mkubwa wa mama yangu, mwindaji, mrefu, mwenye magoti yaliyopinda. Alikuwa amebeba kikapu mgongoni, kamba ikipita juu ya paji la uso, namna wanawake wetu wanavyobeba. Wapakiaji wa Kashebere hawakumwacha apite hivi hivi.

"Papa!" mmoja alipiga kelele. "Mama ya nyumba ako wapi, mpaka weye njo unabeba?"

"Ako nyumbani anacheza," Mjomba alijibu bila kupunguza mwendo. "Ameanza mbele ya wakati."

Kisha akaniona. "Licencié!" aliita, na kwa kuwa ndivyo tunavyomwita aliyemaliza chuo, duka zima likageuka kunitazama. "Licencié wetu! Mbona umekaa hapa sawa muzigo ambao mwenyewe ameukimbia?"

Nilimpokea kikapu, nikamsalimu kwa mikono miwili kama inavyopasa. Nikauliza kina nini.

"Fungua."

Juu kulikuwa na majani ya ndizi. Chini ya majani, unga wa muhogo, mweupe, mwepesi, umechekechwa mara nyingi.

"Poda ya Goma hatuna," alisema, "lakini muhogo tuko nao. Kila nyumba imetia kofi moja. Mama yako ametia ya kinu chake. Katekista ametia. Koko yako ametia mbili, sababu ya kwanza aliitia kando ya kikapu." Koko ni bibi yangu, macho yake yalikuwa yamekwisha siku nyingi. "Tulisikia uko njiani, nimesema nikupokee hapa, nikulinde na mbwa na wachawi ya njiani, tukufikishe salama. Huu unga iko wa kukumwagia pale tunaingia Itebero; unatoka kukuita, unarudi na weye."

Mwanangu, nilitazama unga ule, nikaurudishia majani yake. Nikamwambia maneno niliyokuwa nimeyapanga. "Mjomba, rudi nao. Waambie nitakuja nikipata kazi. Mwaka ujao, labda ule mwingine. Sitaki kuchezewa ngoma mikono ikiwa mitupu."

Hakukasirika. Angekasirika ningepata nguvu ya kubisha. Aliketi kando yangu, akavua buti moja, akamwaga maji, akavua la pili.

"Kazi inakuja lini?" aliuliza.

"Sijui."

"Hujui. Na huu unga, unajua utaota ukungu lini?"

Nikatikisa kichwa.

"Mi najua. Na mvua hii, juma lijalo."

Wapakiaji wakacheka. Mmoja akasogea karibu asikie vizuri.

"Siku ulitoka mu kambi ya tohara," Mjomba aliendelea, "tulikupaka udongo mweupe toka kichwa mpaka kidole cha muguu. Kuna muntu alikuuliza umeua nguruwe ngapi ya msitu?"

"Hapana, Mjomba."

"Ungeua nini? Ulikuwa na mikono sawa miguu ya kuku!" Hapo hata mwenye duka alicheka. "Tulikucheza. Tulikucheza mpaka jua likachoka. Asubuhi yake njo tulikupa panga. Ngoma kwanza, panga nyuma. Weye umesoma, sasa unataka kugeuza: panga kwanza, ngoma tutaona. Nani amekufundisha vile?"

Nilikuwa mkaidi, nikatazama matope.

Akashusha sauti, ili wengine wasisikie. "Tena umesahau kitu. Kikapu ya mama kikirudi kimejaa..."

Hakumaliza, na hakuhitaji kumaliza. Kwetu, watoto wanapokuwa kambini, mama huwapelekea chakula kwa mkono wa mtu mzima. Kikapu kikirudi kitupu, mama huimba. Kikirudi na chakula chake hakijaguswa, hakuna anayemweleza kitu. Anaketi chini mwenyewe, anaanza kumlilia mwanawe, na majirani wanakuja.

"Mama yako atasimama barabarani," alisema Mjomba. "Mi nitatoka msituni, kikapu kimejaa, na niko peke yangu. Maneno gani itamufikia mbele hajaanguka?"

Nilisimama. Sikusema nimekubali. Nilisimama tu, nikachukua begi langu, na yeye akaanza kuvaa buti zake kana kwamba hakukuwa na ubishi wowote tangu asubuhi.

"Ee, Papa!" wapakiaji wakapiga kelele. "Mutupatie na sisi tumumwagie kidogo! Na sisi tuone licencié!"

"Huu ni wa Itebero."

"Kidogo tu! Hata ya pua!"

Mjomba alifikiri. Akafunua majani, akachota unga kwa ncha ya vidole, akampa yule aliyekuwa mchafu kuliko wote, aliyejaa matope mpaka kwenye nyusi. Mtu yule nilikuwa simjui jina. Alinipaka puani taratibu, kama padri anayempaka mtoto mafuta, akasema, "Ukuwe mukubwa, kaka." Mara Kashebere nzima ikalipuka kwa miluzi. Ndivyo nilivyoingia msituni, mwanangu, nikiwa msomi mwenye pua nyeupe.

Na pua ile ilinitangulia. Tulitembea siku kwa siku, tukilala kwa watu. Kila kijiji tulichopita, akina mama waliona pua wakaelewa. Vigelegele vikaanza hata kabla hatujasalimu. Wakauliza unga unakwenda wapi, Mjomba akawaeleza, na kila mara mmoja alikimbia jikoni akarudi na kofi lake la unga. "Na wa kwetu uingie. Na sisi tuko na watoto mu masomo." Mjomba alilalamika kwamba mzigo wa safari hupungua njiani, huu wetu unaongezeka. Nikamwomba nimsaidie, akakataa. "Muntu habebi unga wake mwenyewe. Tembea. Ukianguka mu matope utanipa kazi mbili."

Nilianza kucheka siku ya pili. Siku iliyofuata nilikuwa naimba.

Sasa sikia jinsi tulivyofika. Pale njia inapopinda kuingia Itebero, Mjomba alikuwa mbele yangu, amejaa furaha, amesahau kila kitu. Nami nilikuwa nyuma nikifunga kamba ya kiatu, nimefichwa na kichaka. Mama yangu alikuwa amesimama barabarani, kama Mjomba alivyosema, kitenge kipya kiunoni. Akamwona kaka yake anatokea peke yake. Akaona kikapu. Hakikuwa kimejaa tu; kilikuwa kimefurika, unga ukimwagika pembeni.

Niliinua kichwa nikaona magoti ya mama yangu yanaanza kukunjika.

Sijawahi kukimbia vile, kabla ya hapo wala baadaye. Nilimpita Mjomba nikamkumba, kiatu kimoja kikabaki matopeni. "Mama! Niko hapa! Mama, ni mimi!" Nikamdaka akiwa karibu kugusa ardhi. Alinishika uso kwa mikono miwili, akaitazama pua yangu nyeupe, akanipiga kofi la bega, la nguvu, kisha akamgeukia kaka yake.

"Kibira! Utaniua! Kwa nini kikapu kimejaa?"

"Bantu!" Mjomba alijitetea, ameketi matopeni palepale nilipomwangusha. "Bantu ya njia nzima wametia! Ningewakatalia?"

Mama akacheka na kulia kwa pamoja, na alipochota unga kwa mikono yote miwili hakunimwagia mimi kwanza. Alimmwagia Mjomba. Kisha mimi. Kisha ilikuwa vurugu: dada zangu, katekista, watoto waliokuwa wameulizia motokari nyekundu na sasa hawakuikumbuka hata kidogo. Koko aliletwa kwa mkono, akapapasa uso wangu, akauliza, "Huyu njo yeye ao munanidanganya?" Nilipojibu alitambua sauti, akaanza kucheza akiwa ameketi.

Hakuna aliyeniuliza habari ya kazi. Hata mmoja.

Asubuhi yake nilipewa panga. Ilikuwa siku ya salongo, kazi ya kijiji kizima, na daraja la miti juu ya mto lilikuwa limechukuliwa na maji. Wakati wa likizo zangu za zamani nilikuwa nikitumwa pamoja na vijana kukata kamba za msituni. Siku ile mkubwa wa kazi alinionyesha gogo. "Licencié, njoo huku kwa uzito!" Nikaweka bega. Liliniuma, mwanangu, na nilifurahi kuumwa, maana nilikuwa nimehesabiwa kati ya watu wazima. Mtu aliyeshika gogo nyuma yangu alikuwa mkuu wa shule ya sekondari. Tukiwa katikati ya maji, akihema, aliniuliza nimesoma nini. Nikamwambia mambo ya kilimo. "Basi unajua biolojia," alisema. "Watoto wangu hawana mwalimu." Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa, maji yakiwa kiunoni. Haikuwa kazi niliyoiandikia barua. Ilinifungulia nyingine, na ile nyingine ikafungua hii ambayo imekulisha wewe. Kama ningebaki Kashebere nikingoja cheo, gogo lile angelishika mwingine.

Sasa nikujibu swali uliloniuliza. Rudi nyumbani kwanza, ufurahiwe. Furaha ya kumaliza si zawadi ya mtu aliyepata kazi. Ni haki ya mtu aliyemaliza, na ina majira yake kama kila kilicho chakula. Ukiiweka mpaka mambo yote yanyooke, utaikuta imeharibika. Tena si yako peke yako. Wako watu waliokuombea ambao hujui majina yao, na ukijificha unawanyima siku yao. Mcheza kwao hutunzwa, lakini lazima kwanza aende kwao.

Kuhusu huo utu uzima unaouogopa, wazee wenzangu wanapenda kuuchora kama mzigo mtupu. Usiwasikilize sana, wengi wanasema hivyo ili wasiombwe kitu. Kuna raha ndani yake ambayo chuo hakikukupa. Hakuna tena wa kukupa pointi na kuzibandika ukutani watu wote wazione. Na ile deuxième session uliyoiogopa, mtihani wa kurudia? Maisha yanayo kila asubuhi, bila kulipia. Utakosea shamba, utakosea neno, hata kazi utakosea, na kesho yake jua litatoka na kukuita jina lako lile lile. Utapata pia sauti katika baraza, na neno lako litangojwa. Utapata uzito wa kubeba pamoja na wengine, na utashangaa jinsi unavyofurahisha. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Usiogope mikono mitupu, mwanangu. Mikono iliyojaa haiwezi kupokea panga.

Mungu wa vilima na wa msitu akutangulie. Akupe miguu isiyochukia matope, na bega linalojua kupokezana. Akupe watu wa kukucheka ukijifanya mkubwa na wa kukusimamisha ukijifanya mdogo. Kazi ikujie kwa mlango wowote, ikukute umekwisha kucheka. Panda gari la kesho asubuhi. Mama yako amekwisha simama barabarani.