Izime, Uiwashe Nikiona

Nakumbuka mchana ule nilipochomoa waya wa rauta ukutani, wewe ukiwa mgongoni, fundi akinitazama kama nimerukwa na akili.

Mwanangu, akili nilikuwa nazo. Subira ndiyo iliyoisha. Rauta ya ploti yetu hapa Bondeni, inayowagawia wapangaji wote intaneti, ni kompyuta kuukuu yenye mfumo wa Linux, na kila stima ikipotea, ilikuwa inasahau mipangilio ya mtandao. Fundi wa kampuni ya intaneti anakuja, anaandika mistari miwili, intaneti inarudi, anaenda zake. Mara tatu hivyo, na mara tatu nikamwambia asante. Hapo ndipo nilipokosea. Kazi yangu ilikuwa kujibu wateja mtandaoni, na msimamizi alishanionya: nikikosa zamu moja tena, natolewa.

Mara ya nne, zamu ilikuwa ianze saa nane. Ikibaki robo saa, intaneti ikarudi, fundi akabeba begi.

"Ngoja. Izime, uiwashe nikiona."

"Ai, mathe, si imeshakubali? Unaisumbua ya nini?"

Ndipo nikachomoa. Nikarudisha. Mashine ikaamka, intaneti hakuna.

Mama Atieno, jirani yetu, akacheka mlangoni. "Fundi, kumbe kazi yako inaogopa stima hivyo!"

Fundi akainama. "Nilikuwa naandika amri tu. Hiyo hukaa mpaka mashine izimike. Ya kudumu inaandikwa kwa faili ya mipangilio."

"Na ulijua?"

"Nilijua, madam. Ofisi inatuharakisha."

Akaandika kwa faili. Tukazima, tukawasha, mara mbili, ikarudi yenyewe. Ilikuwa saa nane na dakika ishirini. Jina langu lilikuwa limeshatolewa kwenye orodha ya wafanyakazi. Ndiyo, ningenyamaza ningeingia zamu ile. Halafu stima ingepotea kesho.

Kwa hivyo, mwanangu, usimshukuru mtu kwa sababu kitu kinawaka. Kizimwe kwanza, ukiwa umesimama hapo. Na ikiwa fundi ni wewe, maliza kazi kabla ya kufunga begi. Mungu akupe mdomo wa kuuliza mapema kuliko mama yako.

Barua ya malalamiko niliipeleka mwenyewe ofisini kwa kampuni ya fundi, ikagongwa muhuri:

"Nalalamika kwamba fundi wenu alirekebisha rauta yetu mara nne bila kuhifadhi mipangilio, akijua itapotea, mpaka nilipoizima mbele yake. Nimepoteza kazi. Naomba mumwandikie mwajiri wangu kwamba kosa lilikuwa lenu. Nitakaa hapa kwa benchi mpaka mwandike. Mtoto nimemlisha, hatuna haraka."